Jinsi ya Kuchambua Orodha ya Mapambano ya MMA na Kutabiri Matokeo: Mwongozo Kamili

Kutaja jina la mshindi wa pambano la MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, ni kazi ya sekunde moja, na anayechagua kila mara yule anayependelewa na wengi atapatia mara nyingi tu. Uchambuzi unaostahili kusomwa unaeleza pambano litakwendaje: litaanzia wapi, nani ana uwezo wa kulihamishia anakotaka, nani pumzi itamwishia kwanza, na ni tukio gani likitokea mambo yatageuka. Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya kazi hiyo kwa uzito, kuanzia siku orodha inapotangazwa hadi asubuhi baada ya mapambano.

Hatua ya 1: Jua pambano lenyewe kabla ya kuwajua wapiganaji

Anza na mambo makavu. Kwa kila pambano andika daraja la uzito, idadi ya raundi, mahali, na kama kuna mpiganaji aliyeingizwa kuziba pengo. Chini ya sheria za pamoja zinazotumika Marekani na kwingineko, pambano la kawaida ni raundi 3 za dakika 5, na la mkanda wa ubingwa ni raundi 5. UFC, kampuni kubwa ya kuandaa mapambano ya MMA, pia huyapa mapambano makuu yasiyo ya mkanda raundi 5. Dakika 15 na dakika 25 ni michezo miwili tofauti. Mpiganaji anayeshinda kwa kasi ya mwanzo anaweza kumaliza dakika 15 akiwa mbele kwa pointi, lakini ukimwongezea raundi mbili akazama.

Ukubwa wa kizimba nao una maana. Kile kikubwa cha UFC kina upana wa futi 30, yaani mita 9 na kidogo, na kile kidogo kina futi 25. Kidogo humsaidia anayetaka kumbana mwenzake ukutani na kumwangusha, na humnyima nafasi anayeishi kwa kurudi nyuma na kuzunguka.

Kisha angalia mwinuko wa mji. Juni 2015, katika UFC 188 huko Mexico City, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, Cain Velasquez alipigania mkanda wa uzani mzito dhidi ya Fabricio Werdum. Sifa kubwa ya Velasquez ilikuwa pumzi isiyokwisha. Werdum alikwenda mapema akaweka kambi kwenye miinuko, Velasquez akafika baadaye sana. Kufikia raundi ya pili Velasquez alikuwa akitembea kwa uzito, na katika raundi ya tatu alijitupa kwenye miguu ya Werdum akakutana na kabali ya giyotini, yaani ya kukabwa shingo kwa mbele. Aliyetabiri kwa kutumia video za zamani za Velasquez peke yake alikuwa anamchambua mtu ambaye usiku ule hakuwepo.

Mwisho, soma sheria za kampuni husika. ONE Championship, kampuni nyingine ya mapambano, huruhusu goti la kichwani kwa mpinzani aliye chini, na majaji wake hutazama pambano zima badala ya kuhesabu raundi moja moja. Ukihamishia hapo mazoea ya UFC bila kufikiri, utakosea hata ukiwajua wapiganaji wote kwa undani.

Hatua ya 2: Gawa muda wako bila usawa

Orodha moja huwa na mapambano kumi na mawili, wakati mwingine kumi na manne. Ukitaka kuyachambua yote kwa kina sawa, utaishia kuyagusa yote juu juu. Chagua manne au matano: pambano kuu, linalolifuata, na mengine mawili au matatu ambayo kweli yana utata wa kimtindo. Yaliyobaki yaandikie sentensi mbili tatu za uaminifu. Kwa mpiganaji mgeni ambaye video zake ni chache na wapinzani wake hawajulikani, sema wazi kwamba ushahidi ni mdogo, na asilimia yako ibaki karibu na katikati.

Hatua ya 3: Soma rekodi kwa mashaka

Rekodi ya 15-2, yaani ushindi 15 na kushindwa 2, haikuambii lolote mpaka uifungue. Kwa kila ushindi uliza: mpinzani alikuwa nani wakati ule, alikuwa anapanda au anashuka, na pambano liliishaje? Kwa kila kushindwa uliza kama tatizo lile lingalipo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Jon Jones. Kwa miaka mingi rekodi yake ilionyesha kushindwa mara moja tu, dhidi ya Matt Hamill, Desemba 2009. Asiyefungua rekodi atadhani Hamill aliligundua tundu kwenye mchezo wa Jones. Ukweli ni kwamba Jones alikuwa akimtandika, kisha akaenguliwa kwa kutumia viwiko vya kushuka wima, ambavyo sheria za wakati ule zilivikataza. Namba iko sahihi, na kuhusu uwezo wa Jones haisemi kitu.

Upande wa pili kuna rekodi zinazong'aa kwa sababu ya wapinzani dhaifu. Mpiganaji mwenye ushindi 10 kwa nokauti za raundi ya kwanza hajawahi kuonyesha raundi yake ya tatu. Hilo liandike kama swali lisilo na jibu. Usiligeuze kuwa sifa.

Zingatia umri na muda wa kukaa nje pia. Katika madaraja mepesi, ambako kasi ndiyo chakula, kushuka kwa mwili huonekana mapema kuliko kwenye uzani mzito, ambako mtu wa miaka 38 bado anaweza kumlaza mwenzake kwa konde moja. Na aliyelazwa kwa nokauti nzito miezi mitatu iliyopita anahitaji kutiliwa shaka hata kama daktari amempa ruhusa.

Hatua ya 4: Tazama video, na uwe na karatasi mkononi

Hapa ndipo kazi ilipo. Vipande vya kusisimua vya dakika mbili havifai, kwa sababu vimechagua sekunde nzuri na kuficha dakika mbaya. Tazama mapambano kamili, matatu kwa kila mpiganaji: la karibuni, lile ambalo alipata shida kubwa zaidi, na moja dhidi ya mpinzani anayefanana na huyu anayemkabili sasa. Hilo la pili ndilo lenye thamani kubwa. Mpiganaji akiwa anashinda anaonyesha anachopenda kufanya. Akiwa matatani anaonyesha alivyo.

Tazama mara ya kwanza bila sauti, kwani watangazaji hukuvuta upande mmoja bila wewe kujua. Andika mambo haya:

- Akishinikizwa anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, au anatoka kwa pembeni? Anayerudi moja kwa moja hufika ukutani, na ukutani ndipo anapoangushwa.
- Baada ya kurusha ngumi, mikono yake inarudi wapi? Tazama mkono wa nyuma hasa. Ukirudi chini kifuani kila mara, teke la kichwa au ngumi ya kuzunguka ina njia.
- Akiangushwa anafanya nini katika sekunde tano za kwanza? Wengine huinuka papo hapo kwa kuegemea ukuta, wengine hukubali kukaa chini na kutafuta kabali, wengine hugeuza mgongo. Kugeuza mgongo dhidi ya mtu wa jujitsu, yaani bingwa wa kabali, ni hatari kubwa.
- Mdomo wake unafunguka dakika ya ngapi? Mpiganaji anayehema kwa mdomo wazi, mikono kiunoni kati ya mabadilishano, anakupa saa ya pumzi yake.
- Kona yake, yaani makocha wake, inamwambia nini kati ya raundi, na yeye anatii? Kocha anayeona tatizo na mpiganaji anayebadilika papo hapo ni silaha isiyoonekana kwenye takwimu yoyote.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Rejea Agosti 2022, Leon Edwards dhidi ya Kamaru Usman katika UFC 278. Edwards alishinda raundi ya kwanza na hata kumwangusha Usman, kisha akapoteza ya pili, ya tatu na ya nne huku nguvu ikimtoka usoni. Kona yake ilimkemea kwa ukali kabla ya raundi ya tano. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde 60, alirusha ngumi ya kushoto kama chambo. Usman akainamisha kichwa kuikwepa, na teke la kushoto likamkuta kule kule alikoinamia. Ukimtazama Usman kwa makini utaona mazoea yale ya kuinama upande ule. Mpiganaji huwa na kanuni zake za mwili, na kazi yako ni kuzijua kabla mpinzani hajazitumia.

Hatua ya 5: Linganisha mitindo kwa kuuliza pambano litafanyika wapi

MMA ina maeneo matatu: kusimama kwa umbali, kushikana ukutani, na chini. Kwa kila eneo andika nani ana faida na ni kubwa kiasi gani. Kisha uliza swali linalobeba uchambuzi wote: nani ana uwezo wa kuchagua eneo? Mpiganaji bora chini ambaye hawezi kumwangusha mpinzani hana faida ya chini. Anayo kwenye karatasi tu.

Francis Ngannou na Stipe Miocic wanalifundisha hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Januari 2018 Ngannou alikuja Boston akiwa na nguvu za kutisha. Miocic alistahimili dakika za mwanzo, akamwangusha mara kwa mara, akamlalia, akamchosha, akashinda kwa pointi za majaji baada ya raundi 5. Eneo lilichaguliwa na Miocic. Walipokutana tena Machi 2021, Miocic alijaribu kumwangusha raundi ya kwanza. Ngannou akatupa nyonga nyuma, akabaki juu, akampiga. Tangu pale Miocic hakuwa na pa kulipeleka pambano, na raundi ya pili alilazwa. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: nani anachagua eneo?

Kwa hiyo unapochambua marudiano, usiseme "alishinda mara ya kwanza, atashinda tena". Tafuta sababu ya ushindi wa kwanza, kisha tafuta ushahidi kwamba sababu hiyo ingalipo. Amanda Nunes alipopoteza mkanda wa uzani wa bantam kwa Julianna Peña Desemba 2021, alibadilishana ngumi ovyo mpaka akachoka na kukabwa. Julai 2022 alirudi akiwa amesimama kwa msimamo wa mkono wa kushoto, na ngumi yake ikamwangusha Peña tena na tena. Alishinda kwa tofauti kubwa kwenye kadi zote tatu za majaji.

Misimamo ya miguu inastahili aya yake. Wa mkono wa kulia akikutana na wa mkono wa kushoto, miguu yao ya mbele hukaribiana na ngumi za mbele huzuiana. Mara nyingi anayeweka mguu wake wa mbele nje ya ule wa mwenzake hupata njia ya ngumi ya nyuma. Teke la nyuma nalo hufunguka, likielekea mwilini au kichwani. Angalia kila mmoja amepambana na wapinzani wangapi wa msimamo huo na alionekanaje. Wapo wapiganaji hodari ambao wakikutana na msimamo wa kushoto huonekana kama wanaanza upya.

Hatua ya 6: Tumia takwimu kama shahidi, si kama hakimu

Takwimu za msingi zinapatikana wazi: makonde yenye uzito kwa dakika, anayopokea, asilimia ya kuangusha na ya kuzuia kuangushwa. Zisome baada ya video. Asilimia 90 ya kuzuia kuangushwa ni nzuri mpaka ugundue kwamba waliojaribu walikuwa mabondia wasiojua mieleka. Na anayepiga makonde mengi kwa dakika anaweza kuwa amepambana mara mbili tu. Kila namba iulize imetoka kwa wapinzani gani na kwa dakika ngapi.

Hatua ya 7: Kumbuka majaji

Mapambano mengi hufika mwisho, hivyo lazima ujue yanavyohesabiwa. Mshindi wa raundi hupata 10 na mwingine 9 au chini. Kigezo cha kwanza ni mapigo na mieleka yenye matokeo, yaani madhara halisi. Ushambuliaji na kutawala kizimba huja tu pale kigezo cha kwanza kikiwa sawa kabisa. Mpiganaji anayemkumbatia mwenzake ukutani dakika tatu bila kumpiga anaweza kupoteza raundi kwa konde moja lililomyumbisha.

Kila raundi inahesabiwa peke yake, na hapo ndipo hisia za jumla hudanganya. Februari 2020 Dominick Reyes alimsumbua sana Jon Jones katika raundi tatu za mwanzo, na watazamaji wengi waliamini ameshinda. Jones alizichukua mbili za mwisho, na majaji wakampa ushindi kwa 48-47, 48-47 na 49-46. Kama utabiri wako unategemea raundi zenye ushindani mkali, punguza asilimia zako. Hakuna anayezimiliki raundi za aina hiyo.

Hatua ya 8: Geuza maoni kuwa asilimia

Andika asilimia yako kabla ya kutazama odi (viwango vya malipo) za kampuni za kubashiri au utabiri wa mtu mwingine. Ukishaziona hutaweza kuzisahau. Anza na njia za ushindi, kisha ujumlishe. Tuseme A anaweza kushinda kwa majaji asilimia 32, kwa nokauti 18, kwa kumkaba mwenzake 12: jumla 62. B ana nokauti 22, majaji 12, kabali 4: jumla 38. Kuvunjavunja hivi kunakulazimisha uwe mkweli, kwa sababu kila namba inapaswa kuwa na kitu ulichokiona kwenye video.

Baada ya hapo tazama odi, kwa kuwa zimebeba maoni ya watu wengi. Odi ya 1.50 ukigawa 1 kwayo unapata asilimia 66.7, ya 2.80 inatoa 35.7. Jumla ni 102.4, na hiyo 2.4 ni faida ya kampuni. Gawa 66.7 kwa 102.4 upate makadirio safi ya takriban asilimia 65. Kama wewe umeandika 62, mko karibu. Kama umeandika 35, ama umeona kitu wengine hawajakiona, ama kuna habari usiyo nayo, kama jeraha au matatizo ya uzito. Rudi ukatafute kabla ya kujivuna.

Hili ni zoezi la uchambuzi, na halihitaji hata senti moja kuwekwa mezani. Anayeunganisha mapambano matano kwenye mkeka, kila moja akiwa na uhakika wa asilimia 70, nafasi yake ya kupatia yote ni takriban asilimia 17.

Hatua ya 9: Subiri mizani

Usichapishe neno la mwisho kabla ya kupima uzito, siku moja kabla ya pambano. Katika mapambano yasiyo ya mkanda huruhusiwa pauni moja ya ziada. Ya mkanda hayana ruhusa hiyo. Mei 2022 Charles Oliveira alizidi nusu pauni tu na mkanda wa uzani mwepesi ukamtoka kwenye mizani. Usiku uliofuata alimkaba Justin Gaethje raundi ya kwanza, kwa hiyo kushindwa kufika uzito si hukumu ya moja kwa moja. Angalia mtu mwenyewe: midomo iliyokauka, macho yaliyoingia ndani, miguu inayotetemeka anaposhuka. Huyo mpunguzie asilimia, hasa za raundi za mwisho.

Wakati mwingine orodha nzima hubadilika. Septemba 2022, katika UFC 279, Khamzat Chimaev alipaswa kupambana na Nate Diaz kwenye pauni 170. Mizani ilisoma 178.5. Siku hiyo hiyo mapambano yakapangwa upya: Diaz akapewa Tony Ferguson, Chimaev akapewa Kevin Holland. Aliyekuwa na maandishi ya kila mpiganaji peke yake, mbali na maandishi ya jozi, aliweza kutoa uchambuzi mpya jioni ile. Wengine walibaki na kurasa zisizo na kazi. Weka basi kadi moja kwa kila mpiganaji, na nyingine ya jozi.

Hatua ya 10: Andika, kisha ujipe alama

Katika maandishi yako, kila pambano lipate mambo manne: hali ya kila mpiganaji kwa ufupi, eneo ambalo pambano litaamuliwa, mshindi na njia kwa asilimia, na sentensi moja inayosema "nitakuwa nimekosea ikiwa…". Sentensi hiyo isiwe ya jumla. "Nitakuwa nimekosea ikiwa B ataweza kuinuka kutoka chini ndani ya dakika moja mara mbili katika raundi ya kwanza" inampa msomaji kitu cha kutazama pambano likiendelea. Kwa mapambano ya utangulizi, mstari mmoja na asilimia vinatosha.

Asubuhi inayofuata, jipe alama. Chukua asilimia uliyompa mshindi, igeuze kuwa desimali, itoe kwenye 1, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ulimpa mshindi 70: 0.30 mara 0.30 ni 0.09. Ulimpa 30: 0.49. Ulimpa 5, yaani ulikuwa na uhakika wa 95 kwa aliyeshindwa: 0.9025. Anayesema 50 kwa kila pambano hupata 0.25 daima. Wastani wako kwa orodha nyingi ukiwa chini ya hapo, unajua kitu. Ukiwa juu, uhakika wako unazidi ujuzi wako. Orodha moja haitoshi kuhukumu, kwani usiku mmoja wa maajabu humvuruga yeyote.

Halafu rudia mapambano uliyokosea, ukiwa na ile sentensi ya "nitakuwa nimekosea ikiwa" mbele yako. Kama ulichokitaja ndicho kilichotokea, uchambuzi ulikuwa mzuri na asilimia zilifanya kazi yake. Kama mpiganaji ameanguka kwa jambo ambalo hukuliona kabisa, fungua kadi yake, liandike pamoja na raundi na dakika lilipotokea, na uitunze hadi jina lake litakapotangazwa tena.